Meli ya kukunja kama boksi: kisa cha Eagle za Henry Ford

Wiki iliyopita nilikaa chini na boksi la viatu, mkasi na gundi nikaanza kuunda meli. Sio kazi ya shule ya mtoto, ni mimi mwenyewe mtu mzima na ndevu zangu. Nilishajaribu meli za makaratasi huko nyuma na kila mara nakwama palepale, pale ubavu unapoanza kujiviringa kuelekea omo, manake karatasi inakubali kukunjika upande mmoja tu, ukiilazimisha ikunjike pande mbili kwa wakati mmoja inatoa makunyanzi kama shati lililolaliwa. Na chuma nacho hivohivo, tofauti tu ni kwamba chuma ukikilazimisha unahitaji moto, nyundo, kalibu na fundi ambaye ameifanya kazi hiyo miaka.

Safari hii sikukwama. Dakika 40 meli iko mezani, pembe pembe tupu kama kabati la vyombo lakini ni meli kweli, na sio kwamba nimekuwa hodari ghafla, ni kwamba meli niliyoichagua ilibuniwa makusudi isiwe na ile mizunguko inayonishinda. Inaitwa Eagle, yani tai. Manowari ndogo ya doria ya Marekani, ya kuwinda nyambizi kwenye vita vya kwanza vya dunia, na aliyeijenga si kampuni ya meli. Ni Henry Ford, huyuhuyu wa magari.

Kila nikisoma kuhusu hizi meli nakuta zinachekwa. Mi nimekaa nazo kama mwezi hivi kichwani na naona zimeonewa kidogo, sio zote na sio kwa kila kitu, ila mnyonge mnyongeni haki yake mpeni.

Turudi nyuma. Tarehe 1 Februari 1917 Ujerumani inatangaza nyambizi zake zitazamisha meli yoyote inayokwenda Uingereza na jirani zake, bila kuuliza ya nani imebeba nini. Mwezi Aprili peke yake zikazama meli za tani zaidi ya laki 8. Mwezi huohuo, tarehe 6, Marekani ikaingia vitani na kukuta haina chombo cha kufanyia kazi inayotakiwa. Ilikuwa na destroya, manowari za kasi, meli nzuri sana lakini inachukua muda mrefu kujenga na inadai mafundi haswa, afu kuna vile viboti vya mbao vya futi 110 ambavyo vilijengwa zaidi ya 400 na vilifanya kazi ya kiume, ila bahari kuu ya Atlantiki ikichafuka boti ya futi 110 inakuwa kifuu cha nazi. Jeshi la majini likataka kitu cha katikati, cha chuma, kikubwa kuliko boti, rahisi kuliko destroya, na kingi. Hapo kwenye kingi ndo tatizo lilipo, manake kila karakana ya meli nchini ilikuwa imejaa kazi hadi mlangoni.

Sasa huyu Ford. Desemba 1915 alikuwa amekodi meli nzima, Oscar II, akajaza wanaharakati wa amani akavuka nao bahari kwenda Ulaya eti akasuluhishe vita. Magazeti yalimcheka mpaka basi. Miaka miwili baadaye mtu yuleyule yuko Washington, Rais Wilson amemtia kwenye bodi ya serikali inayosimamia meli, na anaonyeshwa michoro ya meli ya vita. Binadamu bana.

Lakini ukimwangalia kwa jicho la wakati ule unaelewa kwa nini walimwita. Kwenye kiwanda chake cha Highland Park alikuwa ameshusha muda wa kuunga gari la Model T kutoka masaa 12 na nusu hadi dakika 93. Gari linapita mbele ya mfanyakazi, mfanyakazi anafunga nati zake mbili tatu, gari linaenda kwa mwenzake. Hahitaji kujua gari, anahitaji kujua nati zake. Ford akaona meli nayo ni hivohivo tu, ni kubwa zaidi.

Michoro ilitoka kwa wahandisi wa jeshi la majini, sio kwake, na hili watu wanalisahau sana wakianza kumlaumu au kumsifu. Alichong'ang'ania yeye ni mambo mawili. La kwanza, mabamba ya chuma yawe bapa, yakatwe na kutobolewa na mashine kama mabamba ya gari, yote yafanane, bamba la meli ya kwanza liingie kwenye meli ya hamsini bila kusuguliwa. La pili, injini isiwe ile ya mvuke ya pistoni iwe tabaini, ile ambayo mvuke unazungusha mapanga kama ya feni. Wakakubali. Januari 1918 akapewa oda ya meli 100, baadaye zikaongezwa 12 za kwenda Italia.

Ilivyotoka karatasini ilikuwa hivi: urefu futi 200 na ushee, uzito wa kuelea kama tani 615, tabaini moja ya nguvu za farasi 2,500, mwendo noti 18 hivi ambayo ni kama kilometa 33 kwa saa, mizinga miwili ya inchi 4 na mmoja wa inchi 3, pamoja na mapipa ya baruti ya kurushwa majini yanayolipukia kwenye kina. Watu kama 60 ndani. Jina lilitoka gazetini, Washington Post iliandika tahariri ikililia tai atakayezunguka baharini akizidaka nyambizi za Kijerumani moja moja, na watu wakalipenda.

Kinachonifurahisha ni kwamba silaha zenyewe hazikuwa jaribio. Mizinga ilikuwa ya kawaida, baruti ya kawaida. Jaribio lilikuwa ni hili: je unaweza kujenga manowari bila mjenzi wa meli? Uchukue watu ambao hawajawahi kuigusa bahari, uwaweke bara kabisa, Michigan, mamia ya kilometa kutoka maji ya chumvi, waunde meli kwa mkondo kama magari, afu uzipitishe kwenye maziwa makuu na mto St. Lawrence mpaka zifike Atlantiki. Mi nikiliweka hivo mwenyewe napata hamu ya kulijaribu.

Kwanza ikabidi kiwanda. Ford alikuwa na ardhi kando ya mto Rouge, nje kidogo ya Detroit, eneo chepechepe na mto wenyewe mwembamba wa kina kifupi. Ukachimbwa na kutanuliwa ili meli ipite. Pembeni likasimamishwa banda ambalo walilipa jina la kikarani tu, Jengo B, lakini ukisikia vipimo vyake unakaa: urefu wa futi 1,700, yani zaidi ya nusu kilometa ya paa moja. Ndani meli zinajipanga kwenye mistari, moja nyuma ya nyingine, hakuna mvua, hakuna theluji, taa zinawaka usiku kucha.

Mpango ulikuwa mkondo usiosimama, meli zitambae taratibu kama magari yanavyotambaa. Haikuwezekana. Kitu cha futi 200 hakitambai, uzito ule ukianza kusogea unatikisa kila kilichofungwa nusu. Wakabadilisha, meli inakaa kituoni, kazi ya kituo ikiisha inavutwa inaenda kituo kinachofuata. Na kushua kwenyewe hakukuwa kule tulikozoea kuona kwenye picha, chombo kinateremka kwenye reli kinapiga maji mapovu yanaruka watu wanashangilia. Hapana. Bodi la meli likikamilika lilikuwa linatolewa nje juu ya mabehewa bapa makubwa yanayovutwa na trekta, linawekwa juu ya jukwaa la chuma la futi 225 pale ukingoni, afu jukwaa zima linazama kwa nguvu za haidroli futi 20 kwenda chini mpaka meli inaelea yenyewe. Kimyakimya kabisa. Hakuna kelele hakuna mapovu.

Tarehe 7 Mei 1918 mkuku wa kwanza, yani uti wa chini wa meli, ukalazwa. Tarehe 11 Julai Eagle namba 1 ikashuliwa. Siku 65! Kiwanda hakikuwepo mwaka mmoja nyuma. Picha zikapigwa, watu wakaamini kabisa kwamba sasa zitamwagika kama mkate.

Hazikumwagika, na sababu zake ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Chukua ngazi. Kwenye karakana za meli fundi anasimama kwenye jukwaa la mbao lililozunguka bodi, ana pa kukanyaga, ana pa kujipinda. Pale Rouge mwanzoni waliona majukwaa yanachelewesha wakatumia ngazi. Sasa we jaribu, panda ngazi, shika spana kubwa uikaze nati kwa nguvu zako zote, utagundua nguvu zako zote huwezi kuzitoa, manake nusu ya akili iko kwenye miguu isiteleze na nusu ya mwili inaishikilia ngazi isikutupe. Nati inakaza lakini haikazi sana. Na hizi nati zilikuwa za kuyavuta mabamba mawili yabanane kabla ya kupigwa riveti, zile pini za chuma za kuyafunga moja kwa moja, mabamba yasipobanana vizuri riveti haina inachookoa, unabaki uwazi mwembamba kama ukucha ambao kwa macho huuoni. Ongeza na vumbi la chuma, zile chembe zinazobaki baada ya kutoboa, hazijafutwa vizuri, zimelaliwa katikati ya mabamba mawili. Kwa gari mambo hayo hayana shida yoyote, gari likiwa na kauwazi kadogo kwenye bodi utasikia upepo tu. Kwenye meli kuna kuta za ndani zinazotakiwa kuzuia maji, na matangi yanayotakiwa kuzuia mafuta, na mafuta yana tabia moja mbaya, yanapita pale ambapo hata maji yamekata tamaa.

Kuchomelea kwa umeme nako kulikuwa kugeni, mafundi wakajifunzia kwenye kazi yenyewe, na welding mbovu ukiitazama juu inang'aa vizuri tu. Hapo unajua maana ya fundi wa meli. Sio yule anayejua nati zake mbili, ni yule anayeweka kiganja kwenye ungio akasema hapa pamebanana, hapa bado. Ford alidhani ujuzi huo ni ubishoo wa mafundi wa zamani, kumbe ulikuwa ndo meli yenyewe. Wakabadilisha, majukwaa yakarudi, watu wakajifunza, kazi ikawa nzuri na ya haraka zaidi, ila miezi haikuwasubiri.

Kwa hiyo ikawa hivi. Eagle namba 1 ilishuliwa Julai lakini ilikabidhiwa jeshini tarehe 27 Oktoba 1918, manake kushua ni jambo moja na kufunga mitambo mabomba nyaya na mizinga ni jambo lingine kabisa. Vita vikaisha 11 Novemba. Siku 15 tu katikati. Mkataba ulisema meli 100 hadi tarehe 1 Desemba, na mpaka mwaka unakwisha zilikuwa zimeingia jeshini 7. Oda ikakatwa hadi 60, hizo 53 zilizobaki zikamaliziwa 1919 kwa ajili ya vita ambavyo havipo tena. Hakuna hata moja iliyokutana na nyambizi kwenye vita vile.

Kelele zikaanza, seneta Henry Cabot Lodge akataka uchunguzi, na siasa zilikuwa zinanukia pale kwa sababu Novemba hiyohiyo Ford alikuwa amegombea useneti wa Michigan kwa tiketi ya upande wa Wilson akashindwa kwa kura chache, na aliyemshinda, Newberry, alishawahi kuwa waziri wa jeshi la majini, yani riwaya hii ningeitunga mimi mngesema nimezidisha. Maafisa wa jeshi walimtetea Ford, wakasema wakati ule lilikuwa ni jaribio lisilokwepeka. Mi nakubaliana nao. Ukiwa na takwimu za meli zilizozama Aprili 1917 mezani kwako, na mtu anayetengeneza gari kwa dakika 93 kakaa mbele yako, ungemwambia arudi nyumbani?

Baharini zilikuwaje? Hapa nitakuwa mkweli, hazikuwa tamu. Maji hayapendi pembe. Bodi la mviringo maji yanalizunguka, bodi la pembe maji yanaligonga, na mabaharia walizijua kwa kuyumba. Tarehe 11 Juni 1920 Eagle namba 25 ilipigwa na dhoruba ya ghafla kwenye ghuba ya Delaware ikapinduka. Mei 1922 namba 17 ikaishia ufukweni Long Island. Hizo mbili ndo kila anayezicheka anazitaja kwanza. Anachoacha ni kwamba namba 1, 2 na 3 zilikwenda hadi Urusi ya kaskazini mwaka 1919, kule kwenye barafu, kule majeshi ya Marekani yalipokuwa yamejiingiza. Nyingine zikahudumia ndege za baharini, hadi visiwa vya Midway na Hawaii, nyingine zikagawiwa walinzi wa pwani, nyingi zikauzwa chuma chakavu miaka ya 30.

Na lile banda la futi 1,700? Ford alilinunua, likaanza kutoa bodi za magari, na mto uliochimbwa kwa ajili ya meli za vita ukawa njia ya meli za kuleta madini mpaka mlangoni. Rouge ikawa moja ya viwanda vikubwa kabisa duniani. Ndani ya Jengo B magari yaliendelea kutoka hadi 2004, Mustang za mwisho za pale. Ukitaka kuwa na roho mbaya unaweza kusema Eagle ilijenga kiwanda kuliko kiwanda kilivyojenga Eagle.

Vita vya pili vilipofika Eagle 8 zilikuwa bado zipo kazini, vikongwe vya miaka ishirini na kitu, na moja ni namba 56. Hii ndo iliyonifanya niandike yote haya.

Tarehe 28 Februari 1942 nyambizi U-578 iliipiga destroya Jacob Jones karibu na mdomo wa Delaware. Iliyofika kuokota watu ni Eagle 56. Ilizunguka pale kwenye mawimbi na upepo mpaka hali ikaikatalia, ikatoa watu 12 majini, mmoja akafariki njiani, 11 wakapona. Meli inayochekwa kwa kuyumba, na ndo waliyoiona wao.

Miaka mitatu mbele, 23 Aprili 1945, Ulaya vita vimebakiza siku 15. Eagle 56 iko karibu na Cape Elizabeth, jimbo la Maine, kazi yake siku hiyo ni ya kuchosha tu, kuvuta boya la shabaha ili marubani wa jeshi la majini wajifunzie kulenga. Imesimama majini. Saa sita mchana imepita dakika chache ikalipuka katikati, ikakatika vipande viwili. Watu 62 ndani, 49 wakafa. Maji ya Maine mwezi wa nne ni baridi ya kuua, na destroya Selfridge ikawahi kuwatoa 13.

Baraza la uchunguzi likakaa, wiki chache likatoa jibu: boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, imelipuka. Waliookoka kadhaa walisema hapana bana, tumeona nyambizi, imeibuka, na kuna aliyesema mnara wake ulikuwa na alama nyekundu na njano. Selfridge yenyewe ilipata mwangwi wa kitu chini ya maji pale pale ikakitupia baruti. Haikusaidia. Boila.

Sasa hapa nasema langu mimi. Ingekuwa destroya mpya yenye jina, sidhani kama wangekimbilia boila haraka vile. Lakini ilikuwa Eagle. Meli ya Ford, meli ya mabati bapa, meli ya kizee iliyojengwa na watu wa magari, kila mtu alishakuwa na jibu kabla ya kuulizwa. Jina baya lilikuwa linaisubiri tangu 1918.

Nyambizi U-853 ilikuwa maji yaleyale wiki zile. Nembo yake ni farasi mwekundu kwenye ngao ya njano. Tarehe 5 Mei ikazamisha meli ya makaa, Black Point, kesho yake ikasakwa ikazamishwa karibu na Block Island na watu wake wote 55, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Familia za wale 49 zikaishi na neno boila kwa miaka 56. Mwaka 2001, baada ya mtafiti mmoja kung'ang'ania mafaili, jeshi la majini likabadilisha rekodi yake, Eagle 56 ikaandikwa imezamishwa na adui, na medali za waliojeruhiwa na waliouawa vitani zikatolewa, nyingi kwa watoto ambao walikuwa wameshakuwa wazee.

Na bado meli yenyewe ilikuwa haijaonekana. Watu waliitafuta miaka na miaka, mpaka Juni 2018 kundi la wazamiaji likaikuta, kama mita 90 chini, giza, baridi, vipande viwili kweli. Wakashuka tena na tena kabla ya kutangaza mwaka uliofuata, manake walitaka kwanza kuyaona maboila. Waliyakuta. Mazima.

Ile yangu ya boksi la viatu bado iko juu ya kabati. Leo asubuhi nimechukua peni ya bluu nikaiandika namba ubavuni, 56, na ubavu ulivyo bapa wala peni haikuruka.